Betri zangu za sola zinakunywa maji kupita kiasi na maji ya betri hayapatikani: nifanye nini?

SWALI: Fundi, nina betri nne za kujazia maji, kila moja volti 12 na ampea-saa 200. Zimeungwa mbili mbili kupata volti 24, na ndizo zinazobeba nyumba nzima maana huku hakuna umeme wa gridi. Shida yangu ni maji ya betri. Yanafika kwa kubahatisha, na mimi natumia karibu lita tano kila mwezi. Jirani yangu anachemsha maji ya kisima, anayachuja kwa kitambaa, anajazia, na anasema huu ni mwaka wa pili na betri zake bado zinawaka. Je, nimfuate? Maji ya mvua nayo yakoje? Halafu kuna seli moja inayokunywa kuliko nyingine zote. Ni ugonjwa au ndivyo ilivyo?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na majibu mafupi, maana huenda betri zako zina kiu hivi sasa. Maji ya kisima yaliyochemshwa, hapana, hata yakichujwa mara kumi. Maji ya mvua, ndiyo, ila si yale yanayotiririka kutoka kwenye bati. Hiyo seli moja nitaifikia mwishoni, kwa sababu yawezekana ina tatizo moja kati ya matatu, na tiba zake hazifanani kabisa.

Lakini kilichonishtua katika barua yako si kisima cha jirani. Ni hizo lita tano. Betri nne za ukubwa huo zikiwa na afya na zikichajiwa vizuri hazipaswi kunywa kiasi hicho. Kwa hiyo kabla hatujahangaika na maji yatoke wapi, tuulize kwanza yanakwenda wapi.

Ndani ya betri yako kuna sahani za risasi zilizozama katika mchanganyiko wa maji na asidi ya salfa. Asidi haiondoki, labda betri ipinduke au ipasuke. Kinachoondoka ni maji peke yake. Seli ikishajaa chaji, umeme unaoendelea kuingia hauna tena kazi ya kufanya kwenye sahani, basi unayavunja maji yenyewe kuwa haidrojeni na oksijeni. Ndiyo yale mapovu unayoyaona ukichungulia kwenye tundu mchana wa jua kali. Kanuni ya kukadiria jambo hili ilitolewa na mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday tangu miaka ya 1830 na haijabadilika: kila ampea-saa moja ya ziada hula takriban gramu 0.34 za maji katika kila seli. Kwa lugha ya fundi, ampea-saa tatu za ziada ni mililita moja.

Sasa tupige hesabu ya kwako. Kila betri ya volti 12 ina seli sita, kwa hiyo una seli 24. Lita tano ukizigawa kwa 24 unapata kama mililita 208 kwa kila seli kwa mwezi, yaani karibu mililita saba kwa siku. Hiyo ni sawa na ampea-saa 21 za ziada kila siku katika kila mstari wa betri, yaani kila jozi ya betri mbili zilizofuatana. Tuondoe kidogo kwa ajili ya maji yanayopotea kama mvuke kwa joto, bado ni nyingi mno. Betri ya maji inahitaji ziada fulani, hilo ni kweli: ukitoa ampea-saa 100 unapaswa kurudisha kati ya 110 na 120 hivi ili ijae sawasawa. Basi kama usiku unatumia ampea-saa 60 kutoka kila mstari, ziada ya 6 hadi 12 ni halali yake. Ishirini na moja ni kuichemsha.

Nenda kwenye chaji kontrola yako, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, ukaangalie mambo manne, na uyaandike kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu.

La kwanza ni aina ya betri iliyochaguliwa. Mara nyingi aliyefunga mfumo huacha kontrola kama ilivyotoka kwenye boksi, bila kuchagua betri za kujazia maji. La pili ni volti ya kujazia, ile ambayo kontrola huishikilia kwa saa kadhaa betri inapokaribia kujaa. Kwa mfumo wa volti 24 wenye betri za maji, watengenezaji wengi hutaka kati ya 28.8 na 29.6 katika joto la nyuzi 25. Fuata karatasi ya betri yako kama unayo. Kama huna, anza na 28.8. Baada ya hapo kontrola hushuka hadi volti ya kutunzia, nayo iwe kati ya 26.4 na 27. Nimeona mifumo ambayo volti ya kutunzia imewekwa 28 na zaidi, na betri zinatokota tangu saa tano asubuhi hadi jua linazama.

La tatu ndilo linalosahaulika sana, nalo ni joto. Nyuzi 25 za kwenye karatasi si nyuzi za chumba chako. Betri ikipata joto, mapovu yanaanza katika volti ya chini zaidi, kwa hiyo volti ya kuchaji inabidi ishuke nayo: milivolti 4 hadi 5 kwa kila seli kwa kila nyuzi inayozidi 25. Mstari wako una seli 12. Betri zikifika nyuzi 40, ambazo chini ya paa la bati si ajabu, unapaswa kushusha kati ya volti 0.7 na 0.9. Ile 28.8 inakuwa 28 tu. Kontrola nyingi hufanya hesabu hii zenyewe zikiwa na kihisi joto, ila angalia kihisi kiko wapi. Kama kimefungwa ndani ya kontrola yenyewe, ukutani kwenye chumba chenye ubaridi, kinapima ukuta. Kinatakiwa kibandikwe ubavuni mwa betri iliyo katikati, chini ya usawa wa maji. Kama kontrola yako haina kihisi, basi shusha volti kwa mkono msimu wa joto na uipandishe msimu wa baridi.

La nne ni chaji ya kusawazisha. Hii ni chaji ya makusudi yenye volti ya juu, 30 na zaidi, inayochemsha seli zote ili zile dhaifu zizifikie zenye nguvu. Ina faida yake, lakini inakunywa maji kama shimo. Kontrola nyingi hujiamulia kuifanya kila baada ya siku 28 au 30, uwe unaihitaji au huihitaji. Mahali pasipo na maji mimi huizima na kuiacha iwe ya kuamriwa kwa mkono. Ifanye pale tu haidromita, kile kipimo chenye kielea kinachoonyesha uzito wa asidi ukilinganisha na maji, inapokuonyesha kwamba seli zimepishana kwa zaidi ya 0.030, kwa mfano moja inasoma 1.270 na nyingine 1.235.

Tahadhari moja hapa, maana najua utamu wa kubana matumizi. Usishushe volti hadi mapovu yakome kabisa. Betri isiyojaa vizuri hujenga salfeti ngumu kwenye sahani, yaani ganda linalotokana na risasi na asidi, na asidi nzito huzama chini huku juu yakibaki maji mepesi. Hapo sahani zinajenga salfeti kwa chini na kulala kwa juu. Mapovu machache mwishoni mwa chaji ndiyo yanayoikoroga. Unachotafuta ni seli inayochemka polepole kwa muda mfupi, si kimya na si sufuria ya maharage.

Joto lenyewe pia lipunguze. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya betri na betri, toboa chumba chini na juu ili hewa ipite, na uzuie jua lisipige ukuta ule. Mafundi wanakubaliana kwa kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hukata maisha ya betri karibu nusu, kwa hiyo kivuli hicho kinalipa hata kama maji yangekuwa ya bure. Kuna pia vifuniko maalumu vya tundu vyenye kichocheo ndani yake, ambavyo huunganisha tena haidrojeni na oksijeni na kurudisha maji yake kwenye seli. Vinasaidia kweli, ila kuvifunga kwenye mfumo uliowekwa volti ya hovyo ni kupoteza vifuniko.

Ukirekebisha haya, tuseme ziada ishuke hadi ampea-saa saba kwa siku. Kila seli itakunywa kama mililita 2.3, zote 24 mililita 56, na mwezi mzima lita 1.7. Mwaka mzima, lita 20. Dumu moja. Hili ni tatizo jingine kabisa na lile ulilonalo leo.

Sasa tuje kwenye maji, na kwa nini jirani yako anajichimbia shimo.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Betri haiumwi tumbo. Inachoogopa ni madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, na mengi ya hayo hayaondoki kwa kuchemsha wala kwa kitambaa. Ukichemsha kwa muda mrefu maji yanapungua na madini yanayobaki yanazidi kukolea. Kloridi, yaani chumvi, hutafuna fremu ya risasi iliyoko ndani ya sahani chanya. Chuma hufanya kazi ya umbea: hubeba chaji kutoka sahani chanya kwenda hasi na kurudi, kwa hiyo betri inajimaliza yenyewe usiku hata taa zikiwa zimezimwa. Shaba na nikeli hukaa kwenye sahani hasi na kuifanya itoe mapovu mapema, hivyo betri iliyotiwa maji mabaya huanza pia kunywa maji mengi zaidi. Kalsiamu na magnesiamu si wakali kiasi hicho, lakini havina kazi humo, na mabaki ya majani au uchafu wa viumbe hugeuka kuwa asidi nyingine inayokula risasi.

Ubaya hauko kwenye mara moja. Uko kwenye mazoea, kwa sababu maji yanaondoka na madini yanabaki. Tuchukue kisima chenye miligramu 300 za madini kwa lita, ambacho kwa kunywa ni kizuri tu. Kwa lita tano kwa mwezi, mwaka mmoja umeingiza gramu 18 za madini kwenye betri nne, na hakuna mlango wa kuyatoa. Mwaka wa pili gramu 36. Jirani yako anasema betri zake bado zinawaka, nami namwamini. Mwulize zinawaka hadi saa ngapi usiku, na zamani zilikuwa zinafika saa ngapi.

Maji ya mvua, kwa upande mwingine, ni mvuke uliopanda kutoka duniani ukaacha madini chini, ukapoa, ukadondoka. Ndiyo kazi ile ile inayofanywa kiwandani kwa maji ya betri. Kinachoyaharibu ni njia yanayopita kabla hayajafika kwenye dumu: vumbi la hewani, kutu ya bati, kinyesi cha ndege, vigae vya saruji, mtaro wenye majani. Kwa hiyo paa lisihusike. Tafuta karatasi safi ya nailoni, ioshe kwa sabuni kidogo na kuisuuza vizuri, kisha ifunge kwenye nguzo nne uwanjani mbali na miti, upande mmoja uning'inie chini kidogo ili maji yakusanyike pale. Mvua ikianza usikimbilie kukinga. Iache inyeshe dakika 15 au 20 ili ioshe hewa na nailoni yenyewe, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu iachie bustani. Kisha kinga kwa chombo cha plastiki au glasi. Usitumie ndoo ya bati, wala sufuria ya chuma yenye kutu.

Karatasi ya mita mbili kwa mita mbili ikipata mvua ya milimita 10 inakupa lita 40. Umekumbuka ile hesabu ya lita 20 kwa mwaka? Mvua moja nzuri ya mchana mmoja inatosha mwaka mzima na zaidi, hata ukimwaga za mwanzo.

Dumu la kuhifadhia liwe la plastiki, halijawahi kubeba mafuta, juisi wala sabuni. Lisuuze mara tatu kwa maji hayo hayo ya mvua, lifunike, uliweke gizani ili ukijani usiote, na uandike juu yake kwa maandishi makubwa ni ya nini, kabla mtu hajayanywa au hajaongezea ya bomba kwa nia njema. Kama unaishi karibu sana na bahari, au jirani na kiwanda chenye moshi, mvua yako inabeba chumvi na mengineyo. Pima kabla ya kutumia.

Kupima ni rahisi. Kuna kipimo kidogo kama kalamu kinachoonyesha madini yaliyoyeyuka kwa miligramu kwa lita. Kanuni yangu mimi: chini ya 10, jaza bila wasiwasi, kati ya 10 na 30, tumia kama ndiyo uliyonayo, zaidi ya 50, oshea mikono. Kipimo hicho kinasoma jumla tu, hakikuambii kama ni chuma au chumvi, wala hakioni uchafu wa majani. Ukikosa kipimo, tone la maji kwenye kioo safi linakuambia mengi. Weka tone moja la maji ya mvua na kando yake tone la kisima, yaache yakauke kivulini. La kisima litaacha duara jeupe lenye ukingo unaokwaruza ukipitisha ukucha. La mvua likiwa zuri, ukigeuza kioo kwenye mwanga utaitafuta alama kwa shida.

Kiangazi kikikukuta na dumu tupu, keneka mwenyewe, yaani geuza maji kuwa mvuke kisha uyarudishe. Chukua sufuria kubwa ya stenlesi, tia maji theluthi moja. Katikati simamisha bakuli la glasi au la udongo wa kung'aa juu ya kikombe kilichopinduliwa, ili mdomo wake uwe juu ya maji. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa, kishikio kikielekea chini juu kabisa ya bakuli, na juu ya mfuniko mwaga maji ya baridi na uyabadilishe yakipata moto. Mvuke utagonga mfuniko, utapoa, utateremka hadi kwenye kishikio na kudondokea bakuli. Moto uwe mdogo. Maji yakitokota kwa fujo yanarusha matone yenye madini hadi ndani ya bakuli na kazi yote inaharibika. Epuka bomba la shaba ambalo watu hupenda kulizungusha kupozea mvuke. Kwa betri, glasi na stenlesi ndiyo salama.

Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunadai takriban uniti 0.7 za umeme hata bila hasara, na kwa sufuria ya nyumbani hesabu uniti moja au zaidi. Kwa kuni ni gharama. Ila mchana betri zikishajaa, paneli zako zina umeme unaotupwa, kwani kontrola inauzuia tu. Jiko dogo la umeme la wati 300 au 400 saa nane mchana linaweza kukupa nusu lita au lita nzima kabla jua halijashuka, kama inveta yako, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, inalimudu. Ukipenda kitu kisichohitaji kuangaliwa, tengeneza sanduku lenye sakafu nyeusi na kioo kilicholala mshazari juu yake: jua linapasha maji, mvuke unaganda kwenye kioo na kuteremka kwenye mfereji. Mita moja ya mraba ya kioo hutoa lita mbili hadi nne siku ya jua zuri. Maji ya siku za mwanzo yamwage hadi harufu ya rangi na gundi iishe.

Vyanzo vingine ambavyo watu huniuliza nitavipitia haraka. Maji yaliyoondolewa madini kwa mashine za maabara ni mazuri sawa na yaliyokenekwa. Maji ya chupa ya kunywa mara nyingi yana madini, mengine huongezwa makusudi ili yawe na ladha, soma lebo. Barafu inayoganda kwenye kuta za friza ni maji ya hewani, kwa hiyo si mabaya kama friza ni safi na haina samaki, ikwangue kwa plastiki. Maji yanayodondoka kutoka kiyoyozi yamepita juu ya mabomba ya shaba na vumbi la miezi, nayaweka chini kabisa kwenye orodha yangu japokuwa wengi wanayatumia. Na hizo dawa za betri, aspirini, chumvi ya Epsom na unga wa siri, achana nazo. Aspirini ikiingia humo inazaa asidi ya siki, na siki ni adui wa risasi.

Na kama leo hii huna tone la maji safi na sahani zinakaribia kuonekana? Shusha volti ya kuchaji hadi kwenye ya kutunzia, 26.4, na upunguze matumizi ya usiku. Mapovu yatakwisha karibu yote na utapata wiki mbili tatu za kutafuta maji, kwa gharama ya betri kukaa bila kujaa sawasawa. Kama sahani zimeshatoka nje ya maji, hesabu inageuka: hewa inaziunguza na sehemu hiyo hairudi. Hapo tumia maji masafi kuliko yote uliyonayo, hata ya chupa yenye madini machache, ufunike sahani kwa milimita chache tu, usijaze. Mara moja haitaiua betri. Ikiwa mara ya tatu ndani ya mwaka, rudi mwanzo wa barua hii.

Katika hali ya kawaida jaza baada ya chaji kamili, kwa sababu maji hupanda betri ikichajiwa, na ukijaza kabla yatafurika yakiwa na asidi. Osha mgongo wa betri kwanza, usifungue tundu lenye vumbi kandokando. Tumia faneli ya plastiki, miwani ya kinga na glavu. Hakuna sigara wala cheche. Haidrojeni inaanza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Weka karibu ndoo ya maji na bekingi soda ya kuua asidi ikimwagika. Ishia milimita chache chini ya mdomo wa ndani wa tundu, au kwenye mstari wa juu kama kasha linaonyesha ndani. Na usiongeze asidi kamwe kwa sababu haidromita imesoma chini. Asidi iko humo tayari, imejificha kwenye sahani kama salfeti, inayoitoa ni chaji. Ukiuziwa chupa usiyoiamini, vuta kidogo ndani ya haidromita: maji husoma 1.000, asidi hukirusha kielea juu.

Sasa ile seli yako. Betri zilizofuatana kwenye mstari mmoja hupitisha umeme ule ule, kwa hiyo seli moja ikinywa kupita wenzake pana sababu. Kwanza pangusa kasha lake na uweke gazeti kavu chini yake usiku kucha. Gazeti likiamka na doa linalogeuka kahawia na kulika, kasha limepasuka. Unapoteza maji na asidi pamoja, na kila unapojaza maji asidi inazidi kuwa nyepesi. Pili, angalia ilipokaa. Seli ya betri iliyobanwa katikati, au iliyo karibu na ukuta unaopigwa jua, hupata joto na kunywa zaidi, na hiyo inatibiwa kwa nafasi na hewa. Hapo hapo tazama nyaya: kwa mistari miwili sambamba, waya chanya unaokwenda kwenye inveta utoke mwisho wa mstari mmoja na hasi utoke mwisho wa mstari mwingine, la sivyo mstari mmoja unafanya kazi ya wawili.

Kama kasha ni zima na joto ni sawa, tatu ni uchafu ndani ya seli. Jaza chaji kamili, acha saa tatu bila kutumia wala kuchaji, kisha pima seli zote 24 kwa haidromita, na usipime siku uliyojaza maji kwa kuwa bado yanaelea juu. Seli iliyojaa inasoma kati ya 1.265 na 1.280, na kama maji yake yana nyuzi 37 ongeza 0.007 kwenye ulichosoma. Sasa zima kila kitu kwa siku tatu, kontrola pia, upime tena. Seli nyingine zitashuka kwa chembe. Ikiwa ile yako imeporomoka kuzidi wenzake, inajimaliza yenyewe, na hakuna chaji ya kusawazisha itakayoitoa hiyo shaba au chuma kilichomo.

Ikifikia hapo, usinunue betri moja mpya kuiweka kati ya tatu zilizochoka, itavutwa chini ndani ya miezi. Ondoa mstari mzima wenye seli hiyo, yaani betri mbili, uendelee na mstari mmoja wa volti 24. Utakuwa na nusu ya akiba, kwa hiyo friji na pasi vifanye kazi mchana, na maji utakayohitaji nayo yatakuwa nusu. Ile betri nzima iliyobaki bila mwenzake iweke pembeni ikiwa imejaa, na uichaji peke yake kila mwezi hadi utakapobadilisha zote kwa pamoja. Wakati huo ukifika pima pia betri za lithiamu za fosfeti ya chuma: bei yake ya kuanzia ni kubwa, zinahitaji kontrola na inveta zinazozikubali, na hazina tundu la kujazia maji.